Fisi-maji wa Pale Kwenye Mawe

Kalemie, Jumapili baada ya misa

Papa mpendwa,

Pokea salamu zangu, wewe na Mama. Mguu unaendeleaje? Na Mama, kikohozi kimemwacha? Huku sisi ni wazima, ndakala, dagaa wetu, wapo, ila nakuandikia haraka kabla kaka Rubens hajafika Mpala kukusimulia upande wake.

Yote yameanzia kwa fisi-maji aliyezaa chini ya mawe, karibu na ninapoanika samaki. Ulituambia zamani walikuwa wengi. Leo kumwona mmoja ni bahati. Wavuvi walipookota pale samaki waliong'atwa na kuachwa, Rubens alimnyooshea fisi-maji kidole, akasema, "Ile nyama njo inatuharibia nyavu. Hata haimalizi kula, ni roho mubaya tu."

Nilimwambia aangalie kwanza, ndipo aseme. Mimi nimeangalia. Watoto wawili wa fisi-maji waliogopa maji. Mama yao aliwakamata shingoni, akawatumbukiza wakilia, akaogelea kando yao. Baadaye akawa anawaletea samaki hai, amemng'ata kidogo tu, anamwachia mbele yao wamkimbize. Akiwashinda, samaki anakuja kufia ufukweni. Hiyo ndiyo roho mbaya yenyewe! Ni shule, Papa. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu.

Rubens hakunisikiliza. Juzi, kwa kuwa mbalamwezi imesimamisha uvuvi wa taa na nyavu zote ziko nchi kavu zikishonwa, alitandaza wavu wako mbele ya tundu lao, wenzake wakashika fimbo. Mtoto mmoja akanaswa. Mama yake alikuwa tayari majini, angeweza kwenda zake. Alirudi. Akawa anauma nyuzi huku wanampiga, na mimi damu ikanichemka.

Basi usikie kwangu: wavu wako nimeukata mimi, kwa kisu changu cha kupasulia samaki, tundu la kupita mbuzi. Wote watatu wakaponyoka. Rubens anadai nikuombe msamaha. Siombi. Nitaushona mwenyewe, lakini ukirudishwa pale kwenye mawe nitaukata tena, hata ukiwa umeushika wewe.

Unakumbuka tulipokimbia vita mjini Baraka, mitumbwi ikizama kwa kujaa watu? Tulipofika, ulinikamata kola ya gauni, ukanitumbukiza ziwani nikilia, ukaogelea kando yangu. Majirani walisema una roho mbaya.

Mbusu Mama. Mwambie wale watoto sasa wanaogelea wenyewe.

Mwanao mkaidi,
Consolate