Magongo ya Mideva

Dadangu Mideva,

Huku mtaani Baba Dogo ni baridi tu, lakini mimi mzima. Magongo yako ya alumini yanang'aa mpaka najiona ndani. Kabla ya kulitia gongo rangi ya samawati uliyoomba, lazima mafuta yote yatoke. Ukilimwagia maji yakatanda bila kukatika, basi limetakata. Leo yalitanda kama wingu, nikayatazama mpaka sufuria ya chai ikaungua.

Halafu nikakumbuka ulivyomwambia Mama kwamba aliyekugonga alitoroka, nikalishika gongo bila glavu. Maji yakakwepa alama za vidole vyangu.

Nimeliosha upya. Jumapili nitayaleta magongo mwenyewe, na nitamwambia Mama kwamba ile pikipiki iliyokugonga niliiendesha mimi. Usinikatize.

Kakako,
Mulama