Namba Moja Haishuki

Dada yangu mpenzi,

Kabla ya yote nakusalimu, na nakuuliza mgongo unaendeleaje, maana nakujua: kazi zikiwa nyingi unainama kwenye cherehani mpaka shingo inakakamaa, halafu ukiulizwa unasema hujambo. Mama hajambo? Baba bado anagombana na redio yake kana kwamba mtangazaji anamsikia? Sisi huku ni wazima. Mimi nimenenepa kidogo. Shemeji yako anasema ni mapenzi, mama mkwe anasema ni mkate.

Barua yako imefika. Nilianza kuisoma nikiwa mlangoni, hata viatu sijavua, na nilipoona umeandika kwamba unafunga duka na unakuja Jumamosi kukaa kwangu mwezi mzima, nilipiga kigelegele mpaka jirani akachungulia. Kisha nikafika pale ulipoeleza sababu ya kuja kwangu na si kwa mtu mwingine. Nikakaa chini palepale kwenye ngazi. Nitafika kwenye sababu hiyo, dada. Niache kwanza nizunguke kidogo, unanijua, sijawahi kupita njia ya mkato maishani mwangu.

Ndoa ni tamu. Naona haya kukuandikia wewe neno hilo, lakini ningeandika lingine ungejua nakuficha. Mume wangu akirudi kazini ananukia vumbi la nyuma ya mafriji, mikono yake ni ya baridi hata jua likiwaka, na kila siku ana habari za vitu ambavyo watu huweka kwenye friji zao. Kuna mama mmoja anahifadhi humo betri za tochi. Kuna mzee anaweka miwani, anasema inamtuliza macho. Wiki iliyopita alikuwa anatengeneza friza la duka la hapa mtaani, akanipigia simu nikimbie haraka. Nikadhani ameumia. Nikakimbia na kanga moja begani, kufika nakuta ameandika kwenye barafu lile jina analoniita tukiwa wawili, na muuza duka anacheka, na yeye ananihimiza nisome upesi kabla halijayeyuka. Nililia, dada. Mbele za watu, kwa ajili ya friza.

Na anapiga mluzi. Akifunga skrubu anapiga mluzi, akinyoa ndevu anapiga mluzi. Hilo ndilo linalonileta kwenye orodha yetu.

Unakumbuka tulivyokuwa tukifanya mwisho wa mwaka, tumelala kichwa huku miguu kule kwenye kile kitanda chetu, kila mmoja anataja nyimbo zake tano za mwaka na mwenzake anahukumu. Sheria ulitunga wewe. Ulisema nisikutajie wimbo unaoheshimika, nikutajie ulionishika. Kipimo kilikuwa ni kazi gani wimbo umeiharibu: sufuria ngapi zimeungua, pindo gani limeshonwa upande. Mwaka mmoja uliweka tangazo la sabuni namba moja, nikacheka mpaka nikaanguka, na wewe ukashikilia kwamba lilikufanya ushone mikono miwili ya kushoto kwenye shati moja, kwa hiyo lina haki yake. Tangu hapo nilijua kwamba orodha ile haina adabu wala haiangalii uso wa mtu.

Ndiyo maana mwaka huu, kwa kuwa nimeolewa mbali, nilikutumia yangu kwa barua. Namba tano “Nisubiri Kona”, ule wa wale wavulana wenye suruali za kung’aa. Nne “Chaji Imeisha”, ambao wifi yangu mdogo anauimba kila akiambiwa aoshe vyombo. Tatu ule wa yule kaka anayeimba kama ana mafua, ambao sote hatujui jina lake. Namba mbili ule wa kwaya ya kina mama wa sokoni. Na namba moja nikaweka “Kiatu Kimoja”, ule wa yule dada mwenye sauti ya kukwaruza, anayerudi nyumbani asubuhi ameshika kiatu kimoja mkononi na hasemi kingine kiko wapi.

Ukanijibu kwamba umeisoma ukaona nimekua. Ukasema uliisoma kwa sauti mbele ya Mama, tena mara mbili. Na mwisho ukaandika maneno haya, nayanakili kama yalivyo ili ujue yalivyonichoma: “Nimezungukwa na watu wanaonipenda mchana na kuucheza ule wimbo nikigeuka. Kikulacho ki nguoni mwako. Wewe peke yako ndiye hukuuweka. Nyumba yako ndiyo nyumba pekee ninayoweza kukaa masikio yangu yakapumzika.”

Najua hupendi kusimuliwa jambo lako mwenyewe. Lakini nikiliruka sitapata nguvu ya kusema linalofuata.

Yule Bwana alikuja dukani kwako kupimwa shati la kupandia jukwaani, shati lake la kwanza la maana. Ulipozungusha futi kiunoni akavuta tumbo ndani, kama wanaume wote wanavyofanya, nawe ukamwambia kama unavyowaambia wanaume wote: simama wima, usibane tumbo, shati halidanganywi. Akacheka. Akaanza kuja na mashati ambayo hayana tatizo lolote. Akaleta posa, tukakaa sote sebuleni na nguo zetu nzuri. Halafu siku zilipokaribia akamtuma mjomba wake aje kusema kwamba kijana hajawa tayari, na kabla machozi yako hayajakauka redio zote zikaanza kuimba wimbo wake, “Usibane Tumbo”. Maneno yako, dada. Na msichana wa kuitikia anaigiza sauti yako kwa kuimbia puani.

Tangu hapo mwanaume akiingia dukani anasimama wima mwenyewe na kutoa tumbo nje kabla hujagusa futi, na rafiki zake nje wanakufa kwa kicheko. Ukaacha kusema. Unapima kimya, unaonyesha kwa kidole. Uliniambia kuna mteja mmoja ulimwambia anyooke kidogo, akanuna, akakuomba useme vizuri kama kwenye wimbo. Usiku huo hukula. Baba akakusanya nyumba nzima na tukaapa kwamba wimbo ule hautapigwa kwetu wala hautaimbwa na yeyote wa damu yetu. Mimi nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono.

Sasa nisikilize.

Siku mume wangu alipoingia mara ya kwanza kwenye duka la vinywaji nilipokuwa keshia, alikuja kutengeneza friji la soda. Redio ikauleta wimbo. Nikanyanyuka kama askari nikaizima, kwa ajili yako. Yeye alikuwa amelala kifudifudi nyuma ya friji, akatoa kichwa chenye utando wa buibui, akaniuliza kama amenikosea. Nikasema kichwa kinaniuma. Akatoka, akarudi na dawa ya kichwa na maji ya baridi, akaendelea na kazi yake, na baada ya muda mfupi akaanza kuupiga mluzi ule ule wimbo, polepole, kama mtu anayeongea na mtoto. Ningeweza kumwambia anyamaze. Nilizihesabu noti zilezile mara tatu, kila mara zikinipa jibu tofauti. Kwa sheria yako mwenyewe, dada, wimbo ule ulinishika siku ile.

Akaja tena na tena kulikagua friji ambalo halikuwa na neno. Na kila alipokuja, mluzi ulitangulia mlangoni.

Sikumwambia kamwe kwamba wimbo ule umetoka kwako. Alijua nina dada fundi cherehani, hakujua zaidi. Nilijipa sababu nyingi: ni siri ya nyumba yetu, ni aibu yako, si yangu kuitoa. Zote zilikuwa nguo za kuvalisha uongo. Sababu ya kweli ni kwamba yule ni mtu muungwana, na ningemwambia, asingeupiga tena. Nami nilitaka aupige.

Kuna zaidi. Mchana wa harusi yangu Baba alimwonya mshereheshaji mbele yangu, akamshika mkono, akamwambia wimbo huo usisikike. Na haukusikika. Wewe na wazee mkaondoka, ulikuwa umechoka, ulinibusu ukaniambia nisiketi ovyo nisikunje pindo. Nilingoja gari lenu likate kona. Kisha nikamfuata mshereheshaji kwa miguu yangu mwenyewe, nikamwambia sasa ruksa. Tukacheza, mimi na mume wangu na ukumbi mzima, matumbo ndani, matumbo nje, na sijawahi kufurahi hivyo tangu nizaliwe. Gauni ulilonishonea halikukwama kwenye mlango wa gari kama nilivyokuambia, dada. Lilifumuka ubavuni kwa kucheza wimbo ule. Nilikurudishia ukalishona upya, tena ukaniomba radhi kwa kutumia uzi mbaya. Uzi haukuwa na kosa. Nilisoma radhi yako, nikaikunja, nikaendelea kunywa chai.

Na juzi, shemeji yako aliposikia kwamba unakuja, akanunua spika mpya. Nikawasikia yeye na wifi wakicheka chumbani, nikafungua mlango, nikawakuta wanafanya mazoezi. Wamepanga kwamba ukishuka tu, ukifika hapa mlangoni, wataufungulia “Usibane Tumbo” na kukupokea wakicheza. Ameeleza kwa fahari kwamba wimbo wa mapokezi lazima umfae mgeni, na kwa kuwa shemeji ni fundi wa nguo, hakuna wimbo unaomfaa kama huo. Alikuwa ameninginiza futi ya mama yake shingoni, dada. Alikuwa na furaha kama mtoto.

Nikamwambia. Ilibidi wifi atoke kwanza. Nilimweleza yote, duka lako, posa, mjomba, kiapo, kila kitu. Aliivua ile futi, akaikunja vizuri, akaiweka mezani. Kisha akaniuliza jambo moja tu: “Kwa hiyo siku zote nilipokuwa napiga mluzi, ulikuwa unamwacha dada yako wapi?”

Sikuwa nakuacha mahali popote. Nilikuwa sikukumbuki kabisa, na hilo ndilo lililo baya kuliko yote niliyoandika hapa.

Spika ameirudisha dukani. Hanichukii, usiogope kwa ajili yangu. Jana aliniletea embe na akalimenya yeye mwenyewe. Lakini ananyoa ndevu kimya, na nyumba imekuwa ya ugeni, na mimi, badala ya kukuonea wewe huruma, nimesimama jikoni nikajikuta nausikitikia mluzi wa mume wangu. Ona nilivyo.

Nilifikiri nikuandikie kwamba nimeupenda wimbo ule kwa sababu maneno ni yako, kwamba nikiwa mbali na nyumbani nikiusikia nakusikia wewe. Ingependeza. Ungelia, ungenisamehe, na Mama angesomewa tena. Nilishaanza hata kuiandika sentensi hiyo, nikaifuta. Si kweli. Siusikii kwa ajili yako. Nausikia kwa ajili ya mume wangu, na kwa ajili ya ile siku ya friji, na kwa sababu ngoma yake inaingia magotini kabla ya kuingia masikioni. Yule Bwana ni mshenzi, na ametunga wimbo mzuri. Nimejaribu kuyatenganisha mambo hayo mawili, na nimejaribu kuyaunganisha, kote nimeshindwa.

Ningeweza kukupigia simu. Kwenye simu ningelia, wewe ungeniambia basi nyamaza, na mambo yangeisha bila kuisha. Barua hii nampa dereva wa vifurushi leo asubuhi, ameniahidi itafika mkononi mwako Alhamisi, kabla hujapanda basi. Nimetaka uisome ukiwa bado na nafasi ya kubaki. Ukija, nyumba ni kimya, wifi ameapa kwa jina la simu yake, na shemeji yako ataangalia chini mbele yako kwa aibu isiyokuwa yake. Usipokuja, nitajua, na nitamwambia mama mkwe sababu ya kweli, si kwamba umeugua.

Orodha yangu ya mwaka, ile yenyewe, ni hii: tano, “Nisubiri Kona”. Nne, “Chaji Imeisha”. Tatu, yule wa mafua. Mbili, “Kiatu Kimoja”. Kina mama wa sokoni niliwaweka kuziba pengo, waniwie radhi. Na namba moja unaijua. Nimekaa na kalamu nikijaribu kuushusha, hata uwe wa pili tu, kwa heshima yako. Haushuki. Nikiushusha, nitakuwa nimekudanganya mara ya pili kwa orodha ileile.

Msalimie Mama, mwambie dawa ya mguu naituma pamoja na barua hii, apake asubuhi. Msalimie Baba, lakini usimsomee. Wifi anakusalimu, na shemeji yako pia, ingawa amesema hajui kama ana haki ya kukusalimu.

Ukinijibu, tafadhali usinijibu kwa upole.

Ni mimi mdogo wako,
niliyeapa wa kwanza.