Mstari Nilioruka Kwenye Karatasi ya Kikamulio

Kibaoni, Ifakara. Jumamosi, Julai 1996. Baridi ya asubuhi, jua la kuchelewa, roho chungu.

“Divai ya kukamua kwa mikono ni divai ya jasho. Zama za kukamulia kwenye kitambaa zimekwisha.” Maneno hayo aliyasema wifi yangu Leokadia, dada wa mume wangu, mbele ya jumuiya nzima, wiki mbili zilizopita.

Ni uongo. Mikono yangu naiosha kwa sabuni na maji ya moto, na yeyote anayetaka huja kutazama. Kwa miaka kumi na moja nimetengeneza divai ya ndizi ya sikukuu ya mtakatifu somo wa jumuiya yetu, ile ya mezani, maana ya altareni ni ya padri. Hakuna aliyewahi kuumwa tumbo. Na mwaka jana aliyekunywa vikombe vinne akaomba cha tano ni Leokadia huyohuyo. Jasho hilo hakulionja?

Ninyi mnaosoma kurasa za shajara yangu hapa kwenye ubao nje ya kanisa mnajua sijawahi kushindwa kujibu hoja. Nimepigana na wanaume wanaouza mpunga wote bila kuwauliza wake zao, nimepigana na wanaowasingizia Wasukuma kila ng'ombe anapoonekana shambani. Leo napigana na mtu mwingine.

Nina wivu.

Mtaalamu mmoja wa kilimo, Mzungu ambaye Leokadia alimpikia kwa miaka minne, alipofunga mizigo alimwachia kikamulio. Ni tenga la chuma lenye matundu madogo pande zote, na katikati kimesimama kibofu cha mpira mnene. Unamwaga ndizi zilizochachuka kati ya kibofu na tenga, unafunika, unaunga mpira wa bustani kwenye bomba. Maji yanakijaza kibofu, kibofu kinavimba, kinazibana ndizi, na divai inachuruzika chini kupitia matundu. Mtu hakunji hata mkono wa gauni.

Nilikizunguka mara mbili siku ile ya kwanza. Viganja vyangu huuma kila msimu hadi siwezi kushika kalamu. Kwa nini si mimi?

“Wifi, mbona umenuna kama umekunywa siki?” Leokadia aliniuliza, na wanawake wakacheka. Nikacheka nao. Jumapili iliyofuata jumuiya ikampa yeye kazi ya divai. Mikono yote ilipanda, na wangu ukapanda mwisho.

Alhamisi alikuja nyumbani na karatasi ya maelekezo. Ya Kiingereza. Alipiga hodi kwa adabu, akakaa kwenye mkeka, akasema, “Wewe ndiye uliyemaliza vitabu vya wilaya hii. Nisomee, wifi yangu, nisije nikaaibika.”

Nikamsomea. Namna ya kuosha tenga, namna ya kufungua maji kidogokidogo, namna ya kukausha kibofu kivulini. Yote, polepole, kama mwalimu niliyekuwa.

Isipokuwa mstari mmoja.

Mstari huo ulisema tenga lijae hadi juu. Usifungue maji likiwa nusu, kwa sababu kibofu kisipokutana na matunda kitavimba upande ulio wazi hadi kipasuke. Kama matunda ni machache, jazia nafasi kwa makapi safi ya mpunga. Makapi ya mpunga! Sisi tunaokaa Ifakara, ambako nyuma ya kila mashine ya kukoboa kuna mlima wake.

Na nilijua ndizi zake hazitoshi. Kaka yake wa Idete alimletea mikungu michache tu, nilihesabu ilipopita mlangoni kwangu kwenye baiskeli. Macho yangu yaliufikia mstari ule, yakasimama, yakaruka. Sikusahau. Sikuchanganyikiwa na Kiingereza. Niliruka.

Leo asubuhi uwanja wake ulijaa wanawake, wengine wametoka mbali kama Mang'ula. Ndizi zilifika nusu ya tenga. Akafungua maji. Dakika chache divai ilitiririka, ya dhahabu, safi kuliko niliyowahi kutoa mimi, na nikaona uchungu hadi kwenye meno. Kisha sauti nzito, kama gurudumu la trekta linapopasuka. Maji yakazoa ndizi na divai yote, yakavimwaga matopeni.

“Mashine imekufa kabla ya ubatizo,” akasema Mama Severini, na wote wakaangua kicheko. Walimcheka mpaka wakashikana mabega. Mama Mwenyekiti wa jumuiya akanivuta pembeni palepale, akaniomba nirudie kazi yangu.

Leokadia hakulia. Alisimama na gauni limelowa, akanigeukia.

“Wifi, ile karatasi ilisema nini tena?”

“Ilisema yote niliyokusomea,” nikajibu.

Akatikisa kichwa, akaomba radhi. Kwangu. Alisema labda alisikia vibaya, yeye si mtu wa vitabu.

Maisha yangu yote nimewashambulia wanaojua kusoma wakawaficha wasiojua. Nimewaita wezi, kwenye ubao huuhuu.

Sasa nasema na ninyi mliokuwa uwanjani. Mama Severini na wote mliocheka, kila mmoja apeleke mkungu mmoja kwa Leokadia kabla ya Jumatano. Fundi wa baiskeli wa stendi, pita kwake ukitazame kibofu, nasikia unaziba mipira minene kuliko huo. Wewe Leokadia, nitakuja mwenyewe na gunia la makapi na karatasi ile, nikusomee yote, na unitukane kwanza kama unataka. Na wewe Mama Mwenyekiti, futa jina langu kwenye kazi ya divai, urudishe la Leokadia. Fanya hivyo leo ukimaliza kusoma hapa, maana wivu haujanitoka, na kesho naweza kukuomba uliache langu.