Makofi ya Masanja kwa Bao la Wageni

Jumamosi, 10 Mei

Buluba, timu yetu, wamefungwa tena. Mbili bila, hapa hapa Bariadi, mbele ya macho yetu. Mechi ya tano mfululizo bila ushindi. Tukiwa nyuma kwa bao moja, kocha alimtoa winga wetu pekee mwenye mbio na kumwingiza beki. Beki! Nilisimama jukwaani nikiuliza sababu, kana kwamba angenisikia. Zimebaki mechi tatu. Tusiposhinda mbili, tunashuka daraja.

Hilo silo lililoniudhi zaidi. Bao la pili la wageni lilipigwa kutoka mbali, mpira ukapinda, ukaingia kwenye kona ya juu. Uwanja ukanyamaza. Katikati ya ukimya huo mtu mmoja akapiga makofi. Nikageuka. Masanja. Jirani yangu, rafiki yangu tangu tulipokuwa tunachunga ng'ombe pamoja, amevaa jezi ya Buluba na anawapigia makofi wageni.

"Kaa chini, mzee! Umelogwa?" watu wakamzomea.

"Bao zuri lile. Kwani ninyi hamkuliona?"

Hakukaa.

Jumapili, 11 Mei

Baada ya ibada, kikao cha dharura cha tawi letu la mashabiki katika darasa la chekechea. Watu ishirini na sita kwenye viti vya watoto, wote wakisema kwa wakati mmoja. Nilifundisha kwa miaka thelathini na minne. Sikuwahi kupata darasa baya kama hili. Nusu walitaka kumjadili kocha, nusu Masanja. Mimi ndiye mwenyekiti. Niligonga meza mpaka kiganja kikauma.

Nkwabi, katibu wetu, muuza dawa za mifugo, alisoma kifungu cha tisa cha katiba ya tawi. Mwanachama akiwashangilia wapinzani atatoa mbuzi mmoja, aliwe na wenzake. Akikataa, atatengwa: hasalimiwi wala hasaidiwi shambani mpaka alipe, isipokuwa msiba.

Kifungu hicho nilikiandika mimi. Wazee wetu waliwafanyia hivyo watu waliojifungia ndani mwano, yowe la hatari, ulipopigwa, wenzao wakiwakimbiza wezi wa ng'ombe. Na tawi letu si la mpira tu. Msimu wa pamba, kila Jumanne tunachuma shamba la mwanachama mmoja, kwa zamu. Zamu ya Masanja ni tarehe ishirini.

Masanja ana mbuzi kumi na tisa. Alicheka.

"Mwalimu, mkiwa na njaa nitawachinjia hata wawili. Kwa makofi, hapana."

Mikono ikanyooshwa. Nikatia sahihi. Ametengwa. Mbuzi mmoja tu, mtu mzima mzima anashindwa!

Jumanne, 13 Mei

Tulichuma kwa Nkwabi. Ubishi kutoka mstari hadi mstari. Huyu anasema golikipa amenunuliwa. Yule anasema kuna dawa imezikwa chini ya goli la kaskazini, ndiyo maana hatufungi upande ule. Niliwaambia kuwa hatufungi upande wowote. Hawakunisikia.

Masanja alipita barabarani kwa baiskeli.

"Mwangaluka!"

Watu ishirini na watano wakainamia pamba. Nami nikiwamo. Niliwahi kuwaadhibu watoto kwa kutoitikia salamu ya asubuhi.

Jumamosi, 17 Mei

Sare ya bila kufungana, ugenini. Sasa ni lazima tushinde mechi zote mbili.

Mechi za ugenini huwa nasikiliza redioni kwa Masanja. Yeye humtetea kocha, mimi humpinga, na dakika tisini huisha. Leo nilisikiliza peke yangu.

"Unabishana na redio," alisema Mama Kulwa, mke wangu, akapita na ndoo yake.

Jumatatu, 19 Mei

Wingu zito upande wa ziwa. Wakati huu mvua ingepaswa kuwa imekwisha.

Pamba ya Masanja imepasuka yote, ekari nzima nyeupe. Ikinyeshewa itakuwa fifi, pamba chafu ya bei ya chini, na karani wa ghalani hushika fifi kwa vidole viwili kama panya aliyekufa. Watoto wake wako Geita na Mwanza. Mkewe, Ng'washi, mgongo haumruhusu kuinama. Bila zamu, pamba ile haitaisha kabla ya mvua. Ndiyo mazao yao ya mwaka.

Nilimwendea Nkwabi dukani. Nikapendekeza tusimamishe adhabu kwa wiki moja. Aliendelea kupanga chupa za dawa ya kupe.

"Mwalimu, katiba ni yako."

Kweli. Inaudhi.

Jioni nilimtuma Mama Kulwa kwa Ng'washi: Masanja achukue mbuzi wangu, awape wanachama wamle, yaishe. Akarudi na jibu. Masanja anashukuru, mbuzi wangu amenona, abaki zizini kwangu.

Mkaidi. Anapoteza shamba kwa ajili ya bao ambalo hata si letu.

Jumanne, 20 Mei

Zamu ya Masanja. Hakuna aliyekwenda. Wanachama walikaa kwenye kahawa tangu asubuhi wakipanga kikosi cha Jumamosi, kila mmoja na kikosi chake, wingu likiwa juu ya vichwa vyao.

Kutoka uani kwangu ninaliona shamba lake. Masanja alichuma amesimama. Ng'washi alichuma amekaa chini, akijisogeza kwa makalio kutoka mche hadi mche. Mpaka saa tano alikuwa hajamaliza mstari mmoja.

Saa tano na nusu niliingia ndani kuchukua shuka la kuchumia. Mama Kulwa alikuwa amekwisha kujifunga lake.

Tuliingia kwa upande wa pili wa shamba. Masanja alituona. Sikumsalimu. Kifungu kinakataza salamu, na angalau hilo nililitii. Tulichuma zaidi ya saa tatu.

Halafu, kutoka mstari wa tatu:

"Yule winga alikuwa ameumia."

Nikamwambia hakuumia, kocha ni mjinga.

"Alishika paja mara mbili. Wewe ungeona wapi? Ulikuwa umesimama unapiga kelele."

Tulibishana mpaka jua likazama. Sijakubali.

Jumatano, 21 Mei

Tulianza alfajiri. Mvua ilishuka saa nane mchana, ya mawe kidogo. Tulikimbia na mashuka kichwani, wazee wanne. Karibu nusu ya shamba iko ndani, kavu. Nusu imelowa, imeshikwa na udongo. Itakuwa fifi.

Kama watu ishirini na watano wangekuja jana, isingebaki hata moja. Nimelifikiria hilo siku nzima. Tarehe kumi na moja nilikuwa na kalamu mkononi, ningeweza kuiweka chini.

Alhamisi, 22 Mei

Barua ya tawi, sahihi ya Nkwabi, muhuri juu yake. Nimemsaidia mtu aliyetengwa. Nitoe mbuzi.

Barua imeandikwa vizuri. Nkwabi nilimfundisha mimi. Nimejibu kwa mistari miwili: uenyekiti nimeuacha, mbuzi sitoi. Mama Kulwa alisema nimekuwa kama Masanja. Nikamwambia hapana, Masanja alikosea.

Jumamosi, 24 Mei

Tumefungwa moja bila, ugenini. Tumeshuka daraja.

Nilisikiliza kwa Masanja. Dakika ya themanini na nane winga wetu aligonga mwamba, na sote wawili tulikuwa tumesimama. Filimbi ilipopulizwa, Masanja alizima redio. Ng'washi alileta viazi. Hakuna aliyemtetea kocha, hakuna aliyempinga. Nimeumia kuliko nilivyotarajia. Ni mpira tu, nilijiambia njiani. Haikusaidia.

Jumanne, 27 Mei

Leo ingekuwa zamu yangu. Jua kali. Tawi halikuja, na sikulitazamia.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilimkuta Masanja amekwisha kuingia shambani kwangu, Ng'washi akitandika gunia la kukalia. Tulisalimiana kwa ukamilifu: nyumba, watoto, ng'ombe, usingizi. Mama Kulwa aliwasha moto wa uji pembeni.

Masanja anataka golikipa abaki msimu ujao. Mimi nataka aondoke. Saa sita tulikuwa bado kwenye golikipa.

Tumefika nusu ya shamba. Imebaki mistari kumi na minne. Ng'washi ameomba kesho tuanze na ile iliyo karibu na nyumba, ambako asubuhi kuna kivuli.