Maji ya Chumvi Kwenye Tangi la Gesi

Kaka yangu Chacha,

Umelala nyuma ya nyumba ya mama tangu mvua za vuli, na mimi sijaja hata mara moja kung'oa majani kwenye kaburi lako. Watu wanasema nina moyo mgumu. Acha waseme. Nakuandikia wewe kwa sababu jambo lenyewe tulilijua sisi wawili tu.

Unakumbuka tulivyohamia kijiji cha ujamaa, wewe ukapewa banda la ngozi na mimi nikapelekwa Arusha kujifunza mambo ya tangi la gesi? Niliporudi ulinipokea Tarime mjini, ukanibebea sanduku, na kila tuliyekutana naye ukamwambia, "Huyu ni dada yangu, fundi." Hakuna mtu aliyewahi kujivunia mimi namna ile.

Tangi tulilijenga pamoja. Ulisomba matofali, mimi nikapima. Kinyesi cha ng'ombe na maji ya damu kutoka machinjio viliingia upande mmoja, upande wa pili yakatoka maji yasiyonuka sana, tukamwagilia migomba. Gesi ilikwenda kwa bomba hadi zahanati. Siku nesi alipowasha jiko mara ya kwanza ili achemshe sindano, moto ulikuwa wa bluu, nawe ulinishika bega ukacheka.

"Nani anapika humo ndani?" ukaniuliza.

Nikakueleza kama nilivyofundishwa. Mna vijidudu visivyoonekana, havitaki hewa, kazi yao ni kuozesha uchafu, na katika kuoza huko ndiko gesi inakotoka. Nikakuonya usielekeze huko maji ya kuoshea ngozi zako. Ngozi mnazipaka chumvi ili zisioze. Chumvi hiyohiyo ikizidi tangini, itazuia kuoza.

"Nimeelewa," ukasema. "Nitayachimbia shimo lake kando."

Hukuchimba.

Kiangazi kile ngozi zilikuwa nyingi. Moto ukawa wa njano, mfupi, kisha haukuwaka kabisa. Nesi akarudi kwenye kuni. Maji yakatoka meusi, yana povu, yakateremka mpaka kijitoni, na watoto wa bondeni wakaanza kuharisha. Mimi nilikoroga tangi mpaka mikono ikavimba. Nikakagua bomba lote kwa povu la sabuni nikidhani linavuja. Kisha asubuhi moja nikakuta mbuzi wamejipanga wanalamba ukingo wa mfereji unaoingia tangini. Nikachovya kidole, nikaonja. Chumvi. Nikaufuata ule mfereji hadi mlangoni pa banda lako.

"Kaka, tangu lini?"

"Tangu mwezi uliopita. Shimo lingenichukua siku mbili, na ngozi zilikuwa zinasubiriwa."

"Nilikuambia."

"Uliniambia. Lakini usiseme, Robi. Jumamosi kuna mkutano. Nitasema mwenyewe. Niachie heshima hiyo."

Nikakuachia.

Jumamosi mwenyekiti wa kijiji akauliza tangi limekufaje. Nikakutazama. Ukaangalia viatu vyako. Akakugeukia: "Mura, kijana wetu, wewe ndiye jirani wa tangi. Umeona nini?"

Ukasimama, ukavua kofia. "Dada yangu amejitahidi," ukasema, "lakini kazi hii imemzidi. Alikuwa hakorogi."

Mzee mmoja akacheka: "Si tulisema? Mwanamke na mitambo, wapi na wapi!"

Nilifungua mdomo. Halafu nikamwona mama ameinamisha kichwa, nikajua nikisema atabaki na watoto wawili wanaoitana waongo mbele ya kijiji kizima. Nikanyamaza. Funguo za tangi nikanyang'anywa palepale, akapewa bwana mwingine.

Wiki ileile ulichimba shimo la maji ya chumvi, peke yako, bila kuniangalia. Zilikuwa siku mbili kweli. Hapo ndipo paliponiuma zaidi.

Nesi aliazima funguo, akanijia nyumbani kuniomba msaada. Tukapunguza nusu ya kilichokuwa tangini, tukaongeza maji safi na kinyesi kibichi, kidogo kidogo, ndoo chache kwa siku, ili vile vijidudu vizaliane upya. Wiki za kwanza hakuna kitu. Kisha jiko la zahanati likawaka, na maji yaliyotoka tangini yakaacha kunuka. Mwenyekiti alimshukuru yule bwana aliyepewa funguo zangu, na wewe ukapiga makofi. Mimi wakaniita Robi aliyeua gesi. Wapo wanaoniita hivyo hadi leo.

Ungenipiga, kaka, ningesahau. Tuligombana mara ngapi utotoni na jioni tukala sahani moja? Hili uliniomba kwa upole, nikakuamini, ukaitumia imani hiyohiyo kunimaliza.

Juzi binti yako Bhoke alikuja. Alisema shikamoo, akakaa, akaniuliza bila kuzunguka: "Shangazi, mbona hukumlilia baba?"

Nikamweleza yote. Nilipomaliza alikuwa analia, akasema, "Lakini alikuja kukuomba radhi, shangazi? Hata mara moja?"

Ningependa kumpa jibu alilolitaka. Nilipitia miaka yote moyoni, misiba, harusi, siku za ugonjwa wako nilipokuletea uji ukanywa ukiangalia ukutani. Nilitafuta kwa bidii, kaka. Sikupata hata siku moja.

Lala, kama unaweza.

Mimi mdogo wako wa tumbo moja,
Robi