Ubeti wa Kalunguyeye

Jumamosi, 13 Aprili 1996

Mvua tangu asubuhi. Nimekanda unga wa chapati, jirani yangu Atieno ana wageni kutoka Dunga. Betri mpya kwenye redio. Jioni nikafungua masafa mafupi, Warszawa, kipindi cha Wapolandi walio nje. Huwa nasikiliza habari tu. Ikija ile orodha ya nyimbo zinazopendwa wiki hii, nazima. Leo mikono ilikuwa imejaa unga, sikuweza kuzima.

Namba tatu: wasichana wawili, ndugu, mmoja ana miaka kumi na sita, mwingine kumi na mitano. Wanajiita Shomoro. Mtangazaji anasema albamu yao ya kwanza inapigwa kila nyumba. Ngoma za mashine, kinanda cha umeme. Kelele tu. Kisha wakaimba.

Atieno alikuwa mlangoni pake anaparua samaki. Akainua kichwa. Huniita Dani, yaani bibi kwa Kijaluo. "Dani, si hiyo ndio ile kitu yako ya unga?"

Ndiyo yenyewe. Nilikaa chini, unga mikononi. Ubeti wa kwanza ulipoisha mtangazaji akaingilia na wimbo ukakatwa.

Zosia yu hai.

Jumapili, 14 Aprili

Sikulala. Niandike kwa mpangilio, labda moyo utatulia.

Wimbo ule aliutunga mama yangu mwenyewe. Aliuimba kila Ijumaa akikanda mkate, hakuna nyumba nyingine kijijini kwetu Polandi iliyokuwa nao. Kila mtoto na ubeti wake, kila mtoto na mnyama wake. Alianzia chini: chura alikuwa Staś, kitinda mimba. Shomoro alikuwa Zosia. Kalunguyeye, yule mdogo mwenye miiba anayejikunja kama mpira, ndiye mimi. Korongo alikuwa Janek, mkubwa wetu.

Ulikuwa na kanuni yake. Mtoto aliye nyumbani, ubeti wake unaimbwa kwa maneno. Aliye safarini, ubeti wake unavumishwa mdomo umefumbwa, maneno yanamngoja. Aliyekufa anarukwa.

Wakati wa vita, tulipohamishwa kwa nguvu kupelekwa kaskazini kwenye theluji, mama alikanda pumba badala ya unga, na bado aliimba. Jioni moja aliruka chura. Sisi watoto hatukuwa tumeambiwa lolote. Ndivyo tulivyojua.

Baadaye tukaachiliwa, tukapanda treni ya kwenda kusini. Kwenye kituo kimoja nilitumwa na kopo kuchota maji ya moto. Niliporudi treni haikuwepo. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Watu waliokusanya mayatima wakanichukua: Uajemi, meli, Mombasa, kambi ya wakimbizi Uganda, ufukweni mwa ziwa hilihili. Kambi ilipofungwa wenzangu wakaenda Uingereza na Australia. Mimi nikavuka kwa stima kuja Kisumu, nikapata kazi maktaba, nikaolewa na Salim fundi cherehani, Mungu amrehemu. Helena akawa Halima. Niliulizia ndugu zangu miaka mingi. Majibu hayakuja, nikaacha kuulizia.

Naandika kwa Kiswahili, lugha ya Salim. Kipolandi changu kimebaki cha mtoto wa miaka kumi na mmoja, hakikukua.

Jana chura hakuwepo, sawa. Shomoro aliimbwa kwa maneno. Baada ya shomoro ni mimi. Hapo ndipo walipokata.

Nataka kujua jambo moja tu. Nimevumishwa, au nimerukwa?

Jumanne, 16 Aprili

Nimekwenda misheni kwa Padri Marek. Ni kijana Mpolandi, ana miaka minane huku, anaongea Kijaluo kizuri kuliko mimi. Jumapili anaenda likizo kwao. Nimemwomba aniletee kanda ya wale wasichana. Akacheka, akasema mpwa wake hamalizi saa bila kuwaimba. Kisha akaniangalia vizuri, nikamweleza.

Akasema atawatafuta. Redio watampa anwani, siku mbili tu, atafika hadi mlangoni. Nikakataa. Kanda tu, nikamwambia, na jina langu asilitaje popote.

Aliniuliza kwa nini. Nijijibu hapa. Mtu aliyerukwa ameliliwa na kumalizwa. Hagongi mlango akiwa na miaka sitini na sita.

Naogopa. Basi.

Jumamosi, 20 Aprili

Namba moja. Atieno ameitangaza habari, wanawake wanne wa Dunga walikuja na vigoda vyao kusikiliza "wasichana wa Dani". Hawaelewi hata neno. Ubeti wa shomoro, kiitikio, mtangazaji akaingilia. Pale pale.

Nikaeleza kwamba orodha inapangwa kwa kura, wasikilizaji wanatuma kadi za posta. Atieno akapiga paja. "Basi tupige. Hii kura hata serikali haiwezi iba."

Tumenunua kadi zenye picha ya kiboko. Kila mmoja ametia sahihi yake. Mimi nimeandika Halima, Kisumu.

Jumamosi, 4 Mei

Bado namba moja. Gugumaji limeziba ufuko wote wa Dunga, mashua haziingii wala hazitoki, hakuna samaki. Wanawake wana nafasi tele. Sasa wanabishana juu ya namba mbili, mwanamume mmoja mwenye sauti nzito anayeimba juu ya gari lake. "Huyu analia kama mbuzi imesahauliwa kwa jua," Atieno akasema. Mwingine akamtetea, akisema angalau ana gari.

Wao wanacheka. Mimi nahesabu pumzi mpaka pale panapokatwa.

Kula sili vizuri. Nimejikuta nimetia chumvi kwenye chai.

Jumamosi, 11 Mei

Namba nne. Kadi zetu pengine hazijavuka hata Misri.

Hewa mbaya, mlio na mkwaruzo. Atieno aliongea katikati ya ubeti, nikamfokea mbele ya wenzake. Akakusanya sufuria zake, akaenda. Miaka ishirini tumeishi kibaraza kimoja na sijawahi kumfokea.

Nikitoka kwenye zile namba ishirini za juu sitausikia tena. Nimeandika "nikitoka". Nilimaanisha wimbo.

Jumapili, 12 Mei

Nimempelekea Atieno sukari. Akaipokea, kisha akaniuliza kama nitakuja kunywa hiyo chai au nimeleta sukari ikae peke yake. Yameisha.

Tulitembea hadi Dunga. Gugumaji la kijani mpaka macho yanapoishia, maua yake ya zambarau mazuri kwa uchokozi. Wanaume wanalisukuma kwa miti, linasogea kidogo, linarudi. Nilikaa kwenye ubavu wa mashua iliyopinduliwa. Ng'ambo ya maji haya nilikuwa mtoto wa kambi. Kila Ijumaa jikoni kwa kambi nilikanda na kuvumisha shomoro, kisha korongo. Sijawahi kumruka yeyote. Sikuwa na sababu ya kuwaruka, ila pia sikuwa na sababu ya kutowaruka.

Wangu sikuuimba. Mtu hajiimbii.

Jumamosi, 25 Mei

Namba kumi na mbili. Lakini wamehojiwa. Sauti za watoto hasa, wanacheka kabla ya kumaliza sentensi. Mkubwa alisema wimbo ni wa bibi yao, bado anakanda kila Ijumaa ingawa mkate dukani umejaa. Mtangazaji akauliza bibi anaonaje hizo ngoma za mashine. "Anasema zinamfanya akande haraka mno."

Huyo ni Zosia. Ningemtambua kwa hilo tu.

Kisha mdogo akasema bibi aliwakubalia kwa sharti moja, wasiguse chochote katika mpangilio wa beti, hata watu wa studio walipotaka kubadilisha ile sehemu ya katikati kwa sababu

Mkwaruzo. Nilizungusha kitufe mpaka vidole vikauma. Ilipojisafisha walikuwa wanasoma hali ya hewa.

Kwa sababu nini?

Jumamosi, 8 Juni

Wametoka kwenye orodha. Yule wa gari yuko namba tano. Atieno amemtukana kwa Kijaluo, sitayaandika.

Padri alikuwa arudi wiki hii. Misheni wanasema mama yake anaumwa, amechelewa. Nilimwombea mama yake. Nilimwombea kwa ajili ya kanda, si kwa ajili yake. Hivyo ndivyo nilivyo siku hizi.

Jumanne, 18 Juni

Padri amerudi, mama yake amepona. Kanda madukani zilikuwa zimekwisha, amempokonya mpwa wake, jina la yule mtoto limekwaruzwa kwenye kasha. Kasha lina picha. Makoti yenye mabega mapana, nywele zimesimama kama zimetishwa. Mkubwa ana masikio ya Janek. Nilijua Janek angechukia kusikia hivyo.

Wimbo wetu ni wa mwisho, upande wa pili. Nikaitia kanda kwenye redio kaseti ya Atieno. Tukasikiliza wimbo mmoja wa kwanza ili kuijaribu. Sauti ikaanza kulewa, ikazama.

"Woi. Dani, imemeza."

Utepe ulitoka kama matumbo ya samaki. Atieno aliuvuta polepole kwa vidole vyake vya kuparulia, akinikemea nisipumue juu yake. Haukukatika. Umejikunja vibaya.

Kesho Kondele, kwa fundi redio Odhiambo.

Jumatano, 19 Juni

Odhiambo aliushika utepe kwenye mwanga. Akasema njia rahisi ni kukata kipande kilichokunjika na kuunganisha. Nikamwambia asikate.

"Ni kidogo tu, Dani. Nikikata, utajua?"

"Nitajua."

Akamtazama Atieno. Atieno akamwambia, "Fanya vile mama anasema, ama tukupelekee jirani yako." Akaunyoosha kwa kidole gumba kwenye kioo, akauviringisha kwa kalamu ya risasi. Alichukua muda. Pembeni watu wa sufuria wakigonga mabati. Kisha akaniuliza tusikilize pale pale, kwa mashine yake iliyo nzima. Nikakubali. Nisingeweza kuibeba hadi nyumbani bila kuisikia.

Ngoma za mashine. Shomoro, kwa maneno, ubeti wote. Kiitikio. Nilishika ukingo wa meza yake.

Ngoma zikanyamaza. Hata kinanda. Wasichana wawili wakavumisha, midomo imefumbwa. Tuni yangu, mwanzo hadi mwisho, hawakuharakisha.

"Hapa walisahau maneno," Odhiambo akasema.

"Hawajasahau," Atieno akamjibu. "Dani hufanya hivyo hivyo akikanda." Akanigeukia. "Nani hayuko nyumbani?"

"Mimi," nikasema.

Akanishika mkono. Harufu ya omena, dagaa wa ziwa.

Nilisubiri korongo. Kikaja kiitikio cha mwisho, mkate umeumuka, njooni mezani, na ngoma zikarudi, na kanda ikaisha. Nilimwomba Odhiambo arudishe. Akarudisha. Korongo hayumo. Kutoka kwangu moja kwa moja mpaka mezani.

Janek amekufa.

Miaka hamsini na nne nimemvumisha. Sijui amekufa lini. Huenda ni mwaka huu, huenda ni kwenye treni ile ile. Odhiambo alikataa malipo. Tukarudi kwa miguu.

Alhamisi, 20 Juni

Nimelia kwa ajili ya Janek asubuhi na kwa ajili yangu mchana. Nilichanganya, sikujua tena ni kwa ajili ya nani.

Zosia alikuwa na miaka saba treni ilipoondoka. Wala hakuona nilikoelekea. Mama alimfundisha, au alijifunza kwenye unga wenyewe. Watu wa studio walitaka kujaza ile sehemu ya katikati, na mwanamke mmoja mzee akawaambia wasiijaze.

Ijumaa, 21 Juni

Jua. Upepo umelisukuma gugumaji hadi ng'ambo ya ghuba, mashua zimetoka.

Nimekwenda posta na kadi ya kiboko. Nimeandika ubeti wa kalunguyeye, wote, na chini yake Helena, Kisumu. Padri amenipa anwani, kumbe aliiomba redio hata hivyo, akaificha mfukoni mpaka nimwulize. Alisoma kadi, akataka kusahihisha Kipolandi changu. Nikamkataza. Zosia anaijua lugha hiyo ya mtoto.

Alasiri nimekanda. Atieno alileta kigoda chake. Nilipofika kwa shomoro niliimba kwa maneno, mara ya kwanza tangu utotoni. Sauti imekauka, lakini maneno yote yalikuwepo. Nilipita ubeti wangu kama kawaida. Zamu ya Janek ilipofika sikuvumisha. Nilimruka, nikaendelea kukanda.

Atieno aliuliza kama nimechoka. Nikamwambia aweke kikaango motoni.