Ugali wa Mama kwenye Jiko la Sumaku

Jumamosi

Na ugali umeiva, mama amekula, jiko halirudi dukani. Alikuwa ameapa kwamba likishindwa ugali leo, tunarudi kwenye makaa.

Masufuria yetu yote ni ya alumini, na jiko hili la sumaku, la umeme lenye kioo juu, haliyatambui kabisa. Asubuhi nilikwenda sokoni na kipande cha sumaku, nikawa nakigusisha chini ya kila sufuria. Muuzaji alicheka.

"We dada, unapima sufuria malaria?"

Sumaku ilidondoka kwenye nyingi, ikanata kwenye moja ya chuma, nzito, yenye kitako bapa. Nikainunua.

Maji yalichemka upesi hata mama akainama kutazama. Lakini alipoanza kusonga, sufuria ikazunguka juu ya kioo. Akaishusha sakafuni aibane kwa miguu kama alivyozoea, na jiko, lilipokosa sufuria juu yake, likajizima.

"Unaona?" mama akasema kwa Kiswahili cha kwao. "Hii kitu haijue bugali. Bon, lete makaa."

Niliogopa. Nimesoma mengi kuhusu jiko hili, na hakuna aliyeandika habari za ugali. Nikatandika kitambaa chembamba chenye unyevu juu ya kioo, nikarudisha sufuria, nikawasha tena, nikaishika masikio yote mawili.

"Songa, mama."

Akasonga kwa nguvu zake zote. Haikusogea.

Ni wazo langu mwenyewe. Najivunia mpaka naona haya.

Tulipomaliza kula alimwita jirani kupitia dirisha: "Mama Aline, iko gunia ya makaa hapa. Kuya uchukue."